Kopo la Babu

Fundi seremala alifika nyumbani kwetu Temeke siku ya Ijumaa baada ya sala, ameshika chupa ya spiriti kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani. Ndani ya chupa mlikuwa na vipande saba vya sandarusi. Alikuwa amevitumbukiza humo Ijumaa iliyotangulia, akaitikisa chupa asubuhi na jioni, na vipande vilikuwa vimekaa vilevile, vigumu kama kokoto, spiriti imepata umanjano kidogo tu wa kumdhihaki. "Dada," alimwambia mama, "huyu mwanao kaniuzia mawe."

Ilikuwa 1962. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na babu alikuwa na miezi minne tangu azikwe. Mawe hayo yalikuwa yake.

Mama alitoa shilingi mbili kwenye pesa ya sukari, akamrudishia fundi, akaniambia nisubiri ndani, na nilijua nilikuwa nasubiri nini. Fundi naye hakurudisha vipande. Alirudi navyo kwenye kibanda chake na, kwa hasira au kwa ubahili, akavitupa chini ya sufuria ya gundi ili angalau vimchemshie kitu. Jioni nilipopita njia hiyo, makalio bado yanawaka, niliona moshi mweusi mzito ukipanda kwenye makuti, na harufu yake ilikuwa kama ubani uliokamuliwa ndimu. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilichojuta ni fimbo na zile shilingi mbili, ambazo nilikuwa nimeshazipangia mpira.

Babu alichimba sandarusi ujanani, kabla ya vita ya kwanza na kidogo baada yake, katika ule mchanga mwekundu ulio nyuma ya Shungubweni na Kisiju. Macho yalipofifia baba akamleta mjini, na alichokuja nacho ni msahafu, mswaki wa mti na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na hivyo vipande saba, kila kimoja kimefungwa kitambaa chake, na kila kitambaa kina fundo la namna yake. Babu hakujua kuandika kwa herufi za kizungu, na zile za Kiarabu aliziheshimu mno kuzitumia kwa mambo ya biashara. Mafundo ndiyo yalikuwa maandishi yake. Akipapasa fundo anakwambia: hii ya shimo la kwanza, karibu na mto, mwaka ule mvua ilikatika. Hii ya mlimani, nilichimba na ndugu yangu, yeye akapata kubwa nami nikapata hii. Hii tulikuta nyoka shimoni.

Kwake sandarusi ilikuwa na madaraja matatu. Iko sandarusi ya mti, ile inayotoka kwenye gome lililojeruhiwa na kudondoka shinani. Hiyo haina thamani, ya watoto kuchezea. Iko chakazi, iliyozikwa lakini haijakaa ardhini vya kutosha, ukiishika kwa kiganja chenye jasho inaanza kukung'ang'ania. Na iko sandarusi yenyewe, ambayo mti wake ulishakufa, ukaoza, na mchwa wakasahau ulisimama wapi. Hiyo ukiiosha na kuikwangua, uso wake una vipele vidogovidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Alitufundisha kuipima kwa ukucha, kwa meno, na mwisho kwa moto. Tulicheka alipoitia kinywani, mzee mwenye meno manne.

Mzigo ulipimwa kwa frasila, yaani ratili thelathini na tano hivi, na wakati wa Mjerumani babu alilipwa kwa rupia. Alichokuwa akikiuza kilikuwa na historia ndefu kuliko alivyojua. Wamarekani wa Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts, waliwahi Unguja mapema. Mkataba wao na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, ni wa 1833 na konseli wao wa kwanza alifika 1837. Walileta kitambaa cha pamba, kile ambacho mpaka leo tunakiita merikani, wakaondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Huko kwao palikuwa na kiwanda cha kuiosha. Iliyo safi ilipikwa kuwa vanishi ya magari ya farasi, na baadaye ya mabehewa ya reli na milango ya matajiri. Chakazi ilikwenda Bombay. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, 1857 akielekea ziwa Tanganyika, aliliandika neno hilo, akaeleza kwamba wafanyabiashara wa kizungu ndimi ziliwashinda, wakaligeuza likawa neno lao lenye maana ya punda dume. Ndiyo maana vitabu vya bidhaa vya karne ile, ambavyo sandarusi vinaiita kopali, vinataja kopali ya punda. Punda mwenyewe ni chakazi.

Na kwa kuwa meli zilipakilia Unguja, dunia nzima iliiita kopali ya Zanzibar, ingawa mashimo yalikuwa Mrima: Uzaramo, Rufiji, Kilwa. Bandari ilichukua jina. Aliyechimba hakuandikwa popote, isipokuwa kwenye mafundo ya vitambaa ambavyo mimi nilivifungua na kuvitupa, kwa sababu fundi alitaka kuona bidhaa.

Miaka kumi na saba baadaye nilikuwa London. Nilikuwa nimesoma kemia chuo kikuu, Mlimani, nimeajiriwa, na ikapatikana nafasi ya miezi tisa ya kujifunza kupima mafuta na nta kwa kromatografia ya gesi. Nilitegemea kiwanda. Nikapelekwa maabara ya jumba moja la sanaa, kwa sababu wao nao walikuwa wanapima mafuta na nta, ila za wachoraji waliokufa zamani.

Siwezi kudai kwamba nilipenda tangu siku ya kwanza. Nilitoka nchi iliyokuwa inahangaika na foleni za sabuni, na vita vya Kagera ndivyo kwanza vimekwisha, nikawakuta watu wazima wanazungumza kwa kunong'ona juu ya punje ya rangi ambayo hata chawa angeibeba. Lakini hawakuwa wajinga. National Gallery ya mji huohuo ilimwajiri mwanasayansi wake wa kwanza 1934. Ilipofika 1947 ikaonyesha hadharani michoro iliyosafishwa wakati wa vita ya pili ya dunia, na magazeti yakawaka moto: wengine wakasema michoro imeokolewa, wengine wakasema imechunwa ngozi. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kugusa mchoro kwa kutegemea jicho tu. Unaondoa kitu gani? Ni vanishi aliyopaka muuzaji wa juzi, au ni rangi nyepesi ya mwisho aliyoitandaza mchoraji mwenyewe? Ukikosea, hakuna wa kuirudisha.

Siku ya tatu nilimsikia mkuu wa maabara akitaja neno linalosikika kama sandaraki. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Hiyo, nikasema, inatoka kwetu. Babu yangu alikuwa anaichimba. Watu wakageuka. Yule mkuu, mzee mpole mwenye kidevu cha mbuzi, akafungua kabati akanionyesha chupa ya vipunje vyembamba vyenye rangi ya limau, mithili ya machozi yaliyoganda. Vilitoka Morocco, kwenye mti wa jamaa ya mivinje ya Ulaya, hauna undugu wowote na msandarusi wetu. Akaniambia kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na neno kama hilohilo kwa jiwe jekundu la aseniki, tena lenye sumu. Neno moja limezunguka bahari, kila bandari likashika kitu kingine, nasi tukalipata kupitia Kiarabu likang'ang'ania utomvu wa mti wetu. Nilijiona mdogo. Hata leo nikikutana na mtu anayetafsiri mapishi ya kale ya vanishi namwonea huruma mapema.

Kwa kunifariji akashusha chupa nyingine, kubwa, ya zamani, yenye kibandiko cha wino uliofifia: Zanzibar. Akapasha moto ncha ya sindano akaigusisha kwenye kipande. Ukatoka uzi mwembamba wa moshi. Nikawa Temeke, kwenye kibanda cha fundi, fimbo inanisubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mhifadhi wa michoro anachukua kwa kisu chembamba, chini ya hadubini, chembe ndogo kuliko kichwa cha pini, tena pembeni, mahali ambapo fremu inaficha. Chembe ya kwanza inazikwa kwenye plastiki, inasagwa kwa msasa laini mpaka matabaka yaonekane kwa ubavu kama chapati za kusukuma: chokaa au udongo wa kwanza, rangi, rangi juu ya rangi, vanishi, uchafu, vanishi tena. Ukiimulika kwa mionzi ya urujuanimno, vanishi ya utomvu wa mti inang'aa kwa weupe wa kijani, na hapo unahesabu ni mara ngapi watu wameupaka mchoro huo upya. Mchoro mmoja niliohesabu ulikuwa na mara nne. Kila kizazi kiliona kinaupendezesha.

Chembe ya pili ililetwa kwangu. Inachanganywa na dawa, inapashwa moto, mvuke wake unasukumwa na gesi ndani ya bomba refu jembamba, na kila kijenzi kinatoka kwa wakati wake, kama abiria wa basi la Kilwa: wasio na mizigo wanashuka kwanza, wenye magunia mwisho. Mlangoni kuna mashine ya pili inayovunja kila abiria vipande na kuvipima uzito. Karatasi inatoka na vilele. Ukipata asidi za mafuta kwa uwiano fulani, hayo ni mafuta ya kitani. Kwa uwiano mwingine, ni ya jozi au ya popi. Utomvu wa msonobari una alama zake. Mastiki na damari, zile vanishi laini, zina za kwao. Kopali zina za kwao, na katika zile za Zanzibar kuna kijenzi ambacho wanakemia wamekiita asidi ya zanzibari. Nilipoliona jina hilo kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa uliochapwa nilichekea tumboni. Tumepewa asidi.

Ila mashine haijui kitu. Hili watu hawaambiwi. Inatoa vilele, basi. Mwenye kuvitambua ni mfano uliopo kabatini. Bila chupa yenye kibandiko cha kweli, kilele ni mlima tu usio na jina.

Nilifika wakati wanahangaika na mchoro wa Kiingereza wa karne ya 19, wenye vanishi ya rangi ya chai iliyokolea. Wachoraji wa kundi la William Holman Hunt na John Everett Millais, walioanzisha udugu wao London 1848, waliipenda kopali. Waliichanganya hata ndani ya rangi, ili rangi ing'ae na ikauke ngumu kama kioo. Sifa hiyohiyo ndiyo balaa lake. Vanishi ya mastiki ikizeeka inageuka manjano, lakini pamba yenye kiyeyusho chepesi inaiondoa. Ya kopali na mafuta inageuka kahawia na haitoki, au inatoka pale tu dawa inapokuwa kali kiasi cha kula na rangi iliyo chini. Mhifadhi aliyekuwa na mchoro huo, mama mmoja mwenye mikono thabiti kuliko daktari wa macho, alizungusha pamba kwenye kijiti kutwa nzima, akajaribu kona ya sentimita moja. Uchafu wa juu aliutoa kwa mate yake mwenyewe. Usicheke; mate yana vimeng'enya na hayana ukali, na wahifadhi wanayatumia duniani kote. Lakini chini ya uchafu, vanishi haikutikisika. Alipochoka aligeuka akaniuliza kwa nini babu zangu walichimba kitu kigumu hivyo. Nilikosa jibu, ila moyoni nilikuwa na kiburi kidogo cha kipumbavu.

Hapo ndipo niliposoma kwa nini fundi wa Temeke alishindwa. Sandarusi iliyokomaa ardhini, molekuli zake zimeshikana zikawa kama wavu mmoja, na spiriti haiwezi kuufungua. Hata mafuta hayawezi. Wapishi wa vanishi waliiyeyusha kwanza kavukavu, kwenye sufuria ya shaba, kwa moto unaopita nyuzi 300, ikitoa moshi wa kuua na kupoteza hadi robo ya uzito wake. Hapo tu ndipo walipoimwagia mafuta ya kitani yaliyo moto, na baadaye tapentaini. Viwanda vingi viliungua. Fundi wetu alikuwa na spiriti na subira ya wiki moja. Babu angekuwa hai angemwambia kwa neno moja, lakini nani alimuuliza babu?

Na upishi huohuo ndio uliotuvurugia kazi. Moto wa nyuzi 300 unateketeza alama nyingi ambazo zingesema utomvu umetoka wapi. Karatasi yangu ilionyesha mafuta ya kitani yaliyokauka, na vilele vichache vifupi vya jamaa ya kopali. Ya wapi? Ya Zanzibar, ya Sierra Leone, ya Brazil? Mkuu akasema njia ni moja: tuchukue kopali tunazozijua, tuzipike sisi wenyewe kwa mapishi ya kale, tuzizeeshe kwa mwanga, tulinganishe. Akaitazama ile chupa yenye jina la Zanzibar kwa muda mrefu. Hilo ni jina la muuzaji, akasema. Ndani yake inawezekana kuna mizigo mitano ya mahali patano, na chakazi juu yake. Kisha akaniuliza kama kwetu, kwa bahati, kuna mtu mwenye kipande ambacho shimo lake linajulikana.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nakumbuka kikombe.

Vipande saba. Cha karibu na mto, mwaka mvua ilipokatika. Cha mlimani. Cha shimo la nyoka. Katika makabati yote niliyofunguliwa mji ule, pamoja na makusanyo ya mimea ya bustani ya Kew ambako kuna kopali nyingi, sikuona mfano hata mmoja ambao aliyeuchimba kwa mkono wake alikuwa amekaa na mtoto akamwelezea shimo. Huo mmoja ulikuwepo, ulikaa juu ya kabati la sahani Temeke, na uliuzwa kwa shilingi mbili ambazo hata hazikufika dukani.

Sikumwambia. Niliandika barua nyumbani, nikauliza kama kuna chochote kilichobaki kwenye kopo la babu, au kama fundi aliwahi kubakiza. Jibu lilikuja baada ya wiki saba kwa mwandiko wa mdogo wangu. Kopo lilikuwa la kupimia mchele. Fundi alikwisha fariki. Na mama anauliza, serikali imekupeleka Ulaya kusoma au kutafuta mawe?

Tukapika kilichokuwa ndani ya chupa. Ripoti ilipotoka, mstari mmoja ulihusu vanishi hiyo: kopali iliyopikwa na mafuta ya kitani, huenda ya Afrika Mashariki. Hiyo "huenda" nina hisa ndani yake.

Niliporudi Dar es Salaam hapakuwa na mchoro wa kupima, wala mashine ya kupimia, na miaka mingi nilipima mafuta ya kula ya watu waliokuwa wanayachanganya na vitu. Sandarusi yenyewe ilikuwa imekwisha zamani kama biashara. Kopali ya Kongo ilikuwa imejaa sokoni kwa bei ya chini tangu enzi ya Mbelgiji, na miaka ya 1920 magari ya mafuta yakaanza kupakwa rangi za selulosi zinazokauka kwa saa badala ya siku; baada yake zikaja resini za kiwandani. Hata sisi rangi zetu ni hizo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, alichukua rangi za mafuta za kupakia nyumba na baiskeli, akazipaka juu ya mbao za dari. Nchi iliyouzia dunia vanishi ilinunua makopo dukani. Siku moja atatokea mtu mwenye kisu chembamba na hadubini, atataka kujua rangi hizo zilikuwa za kiwanda gani, na nawasihi wenye makopo ya zamani wasiyageuze ya kupimia mchele.

Siku hizi ninaye mjukuu wa kike anayesoma mambo ya kompyuta, na simu yake inajua zaidi ya maabara yangu yote. Alinionyesha chumba cha kioo ambacho jumba la Rijksmuseum la Amsterdam lilijenga Julai 2019 kuuzunguka mchoro mkubwa wa Rembrandt wa 1642, ule wa askari wa mji ambao watu wanauita Lindo la Usiku. Ni karibu mita 3.8 kwa mita 4.5. Wamepiga picha yake yenye pikseli bilioni 717, unaweza kuvuta kwa vidole mpaka uone ufa ndani ya punje ya rangi. Mashine ilitembea mbele ya mchoro usiku na mchana, ikaupiga kwa eksirei bila kuugusa, na kila elementi ikajibu kwa sauti yake: risasi hapa, zebaki pale, shaba, kobalti, aseniki. Ramani ya kalisi peke yake ilitoa mistari ya kwanza ya Rembrandt, alivyochora kwa rangi yenye chaki kabla ya kubadilisha mawazo. Sisi tulikuwa tunakata chembe, tunaomba ruhusa kwa barua, tunapata jibu la nukta moja. Hawa wanapata jibu la ukuta mzima na hawajaacha hata kovu. Nilitazama kwa wivu wa mzee aliyetembea kwa miguu mpaka Morogoro halafu akaonyeshwa treni.

"Babu, mbona hapo si usiku?" akaniuliza.

Nikamwambia ni vanishi. Rembrandt hakuchora usiku. Matabaka ya vanishi na uchafu wa karne yalifanya giza, watu wakaupa mchoro jina la giza hilo, na hata yalipoondolewa baada ya vita, 1946 na 1947, jina halikutoka. Sasa wameanza tena, tangu Novemba 2024, kuondoa vanishi iliyopakwa karne iliyopita.

"Na hiyo mashine ya eksirei ingeiona sandarusi?"

Swali zuri, mimi nililichelewesha mpaka miaka ishirini na minane. Isingeiona. Mashine ile inaona metali na vilivyo vizito. Utomvu ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, yaleyale yaliyomo ndani ya mti, ndani ya mchwa na ndani yangu. Kwa eksirei hizo, vanishi ni kama dirisha. Kuijua mpaka leo inabidi uchukue chembe, uichome, usome vilele, ufungue kabati utafute chupa yenye kibandiko. Watu wa jumba la sanaa la Tate, London, walitoa kitabu kizima 2004 juu ya jinsi akina Hunt na Millais walivyochora, na kila ninapoona kazi za namna hiyo zikifika kwenye neno kopali natafuta kama imetajwa ya wapi. Mara nyingi inaishia hapo.

Mwaka jana mjukuu huyo alinipeleka Shungubweni kwa gari lake. Nilitaka mashimo. Babu alisema yalikuwa mengi kiasi kwamba usiku mtu hatembei bila kijinga cha moto. Tulikuta mabango ya viwanja, vigingi vya zege, mikorosho, na kijana aliyetaka kutuuzia robo eka. Upande wa Pugu ninaujua zaidi, na huko msitu umegeuka mkaa wa kupikia maharage ya mjini, misandarusi na yote iliyokuwemo. Huyo kijana alipoelewa kwamba hatununui, akatuuliza tunatafuta nini. Nikamtajia mti wenye majani mawilimawili kama kwato. Akasema uko mmoja, makaburini, haukatwi.

Ulikuwa mkubwa. Kwenye jeraha la tawi utomvu ulikuwa umetoka ukaganda, na kipande kimoja cha ukubwa wa kidole gumba kilikuwa kimeanguka juu ya majani makavu, ndani yake sisimizi mmoja amejikunja. Nilikiokota. Nikamwomba mjukuu kalamu, nikaandika juu ya bahasha tarehe, jina la mahali, upande wa mti na umbali wake kutoka barabarani. Akaongeza kwa simu yake zile namba za setilaiti, mpaka desimali ya sita. Sikujua tungeipeleka wapi. Kwa madaraja ya babu haikufika hata chakazi.

Nyumbani nilivunja ncha yake, nikaitia kwenye kichupa cha spiriti nikaifunga. Asubuhi kingo zake zilikuwa zimelegea, inanata kwenye kijiti, na spiriti imekuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Nikapaka kidogo kwenye mguu wa stuli. Mjukuu akauliza kama hiyo ndiyo fundi aliyokuwa anaitaka. Nikamwambia hiyo angenipa hata shilingi tatu.